Mablanketi ya Wakaguzi

Jumatatu, Juni 3

Mwanangu Pitso ameniacha leo saa tano asubuhi katika nyumba hii ya wazee. Alipanga gauni zangu kabatini, akasema kwa mara ya nne, "Mama, ni mpaka nyonga ipone tu. Septemba nakuja kukuchukua." Nikamwambia asinibembeleze kama mtoto anayepelekwa bweni. Nimeshika wodi miaka thelathini na mmoja, na tisa ya mwisho nilikuwa mkaguzi wa wodi za wenzangu jimbo zima. Sitishwi na kitanda cha chuma.

Nyumba inanukia dawa ya sakafu. Ni harufu nzuri mpaka ujiulize inafunika nini.

Chumba namba nne, vitanda viwili. Cha dirishani ni cha Mme Malefu Qhobela, mama wa miaka themanini na miwili. Kiharusi kimemchukua upande wote wa kushoto, lakini mdomo kimeuacha. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Alinitazama kwa muda mrefu nikihangaika na fremu yangu ya kutembelea.

"Wewe ndiye nesi?"

"Nilikuwa."

"Basi usiniangalie kinesi. Niangalie kijirani."

Jumanne, Juni 4

Mhudumu wa asubuhi anaitwa Keneuoe. Mikono yake ni ya mtu anayefua mazulia. Alinivua gauni la kulalia bila hata kuniuliza nimeamkaje.

"Dada, mimi si gunia," nikamwambia.

"Samahani, Nkgono. Nina watu ishirini na sita wa kuosha kabla ya saa tatu."

"Mimi si bibi yako. Niite Sista Rantsane."

"Sawa, Nkgono."

Mchana alikuja meneja mwenyewe, Mme Disebo Lephoto, na sinia la chai. Mwanamke msafi, sauti ya chini, kucha fupi kama inavyotakiwa. Akakaa kitandani kwangu na kunishika mkono. "Sista, mtu kama wewe hapa kwetu ni baraka. Ukiona kasoro usinung'unike na wahudumu, njoo kwangu moja kwa moja." Huyo anajua kazi. Yule mwingine hapaswi kupewa hata mbuzi wa kuosha.

Jumapili, Juni 9

Umande umeganda kwenye vioo vya dirisha. Kwa ndani!

Jumatano, Juni 12

Miguuni pa kitanda cha Malefu inaning'inia karatasi ya kugeuzwa. Asiyeweza kujigeuza mwenyewe anageuzwa kila baada ya saa mbili, na aliyemgeuza anatia saini. Hilo ni somo la mwezi wa kwanza wa unesi. Leo sikutoka chumbani kwa sababu ya baridi, kwa hiyo niliona kila kitu. Malefu aligeuzwa saa mbili asubuhi alipooshwa. Akageuzwa tena saa tisa alasiri. Basi. Kati ya hapo alilala vilevile kama alivyowekwa, saa saba nzima, na kitufe cha kengele ukutani nilikibonyeza mpaka kidole kikauma. Baadaye akaniambia kengele hiyo haijalia tangu Pasaka.

Jioni nikasoma karatasi. Saa mbili, K. Saa nne, K. Saa sita, K. Saa nane, K. Imejaa vizuri kabisa.

Nikashika fremu yangu hadi ofisini kwa Mme Disebo na kumwambia mhudumu wake ni mwongo wa maandishi, na mwongo wa maandishi ni hatari kuliko mvivu. Akaitikia kwa huzuni. "Asante, Sista. Nitazungumza naye."

Alhamisi, Juni 13

Amezungumza naye. Sauti ilifika mpaka huku kwetu. Keneuoe alikuja kutuosha macho yamevimba. Nilifurahi. Naandika kwamba nilifurahi.

Jumatatu, Juni 17

Kuna harufu ambayo nesi haisahau. Nimeisikia tangu jana, nikajidanganya kwamba ni maji ya choo.

"Malefu, mgongoni kuna nini?"

"Kuna mgongo."

"Malefu."

"Nimekwambia uniangalie kijirani."

Nikamwambia jirani ndiye anayepiga kelele nyumba ya mwenzake ikiungua. Akageuza uso dirishani na kuniruhusu. Ni kidonda cha kulalia, chini kabisa ya uti wa mgongo, ukubwa wa kifuniko cha chupa, pembezoni chekundu, katikati cheusi. Kina wiki tatu angalau. Kilikuwapo siku ninaingia humu nikiwaza mbuzi wa kuoshwa.

Jumanne, Juni 18

Nimemweleza Mme Disebo. Amesema daktari anakuja Alhamisi.

Alhamisi, Juni 20

Hakuja.

Jumatatu, Juni 24

Leo lazima niandike sana, kwa sababu nimekuwa mjinga.

Keneuoe alipomfunua Malefu, sikujifanya nimelala. Nikamwona akitoa mfukoni kikopo cha mafuta na kitambaa laini cha flana, vitu vya kwake, vya kutoka nyumbani. Akamsafisha kidonda kwa maji ya chumvi aliyokuja nayo kwenye chupa ya chai. Mikono ileile ya kufulia mazulia ilikwenda taratibu mno, na Malefu alikuwa akimsimulia habari ya sufuria za shuleni kana kwamba wamekaa jikoni.

"Dada," nikasema, "unajua kazi. Kwa nini basi unatia saini kitu usichofanya?"

Akanigeukia na kitambaa mkononi. "Natia saini mimi?"

"Nimesoma karatasi."

"Isome ya Jumapili iliyopita, basi. Isome kwa sauti."

Nikasoma. Saa mbili K, saa nne K, mpaka jioni.

"Jumapili iliyopita nilikuwa Qwaqwa namzika mamdogo wangu. Nilipewa ruhusa ya siku mbili. Hiyo K niliiandika kaburini?"

Akaendelea, sasa maneno yalimtoka yenyewe. Karatasi zinajazwa ofisini kila jioni, za siku nzima, na wahudumu huitwa kumalizia palipobaki. Ndiyo, na yeye ametia saini nyingi, haoni haya kuniambia. "Mme Disebo anasema nafasi tupu ni kesi, nafasi iliyojazwa ni amani. Ukikataa, kesho yake jina lako halimo kwenye zamu. Nkgono, nenda kasome orodha ya zamu pale ukumbini. Tuko wahudumu watano, si ndiyo? Nionyeshe hao watatu wengine, mbali na sisi wawili. Nina miezi minane hapa, sijawahi kusalimiana nao."

"Na nilipokuchongea, mbona hukuniambia?"

"Ungeniamini?"

Nisingemwamini. Alikuwa na mikono migumu na yule mwingine alikuwa na sinia la chai.

Jumanne, Juni 25

Naandika saa zote anazogeuzwa Malefu, humu humu daftarini. Leo: saa mbili na nusu, saa kumi. Mimi mwenyewe siwezi kumgeuza, nyonga hainipi nguvu ya kusukuma. Nimejaribu. Tulibaki tumekwama wote wawili, yeye akicheka, mimi nikitukana.

Jumatano, Julai 3

Saa mbili, saa tisa na robo. Theluji milimani. Supu ya kabichi, bila kabichi.

Jumatatu, Julai 8

Wakaguzi wa idara wanakuja Alhamisi. Barua yao ilifika wiki mbili zilizopita. Mme Disebo ametusomea ukumbini kama tangazo la harusi. Leo limekuja lori na mablanketi mapya ya sufu, ya rangi ya damu ya mzee, moja kwa kila kitanda. Zimekuja hita sita. Amekuja mtu wa kupaka rangi mlango wa choo. Kengele yetu inalia.

Jumatano, Julai 10

Wamekuja wahudumu watatu nisiowahi kuwaona, sare zao bado zina mikunjo ya dukani. Mmoja alimuuliza Keneuoe mashuka yanakaa wapi.

Nimezungumza na Malefu. Nilimwambia kesho nataka wakaguzi waone kidonda. Sasa kimekuwa kama kiganja changu. Akakataa palepale.

"Nimepikia watoto mia nne kila siku kwa miaka ishirini na saba. Hakuna aliyewahi kuona hata goti langu. Leo nifunuliwe matako mbele ya mwanamume mwenye tai?"

"Ni kwa faida yako."

"Kila anayenifunua husema hivyo."

Nikamuahidi sitamfunua. Kisha nikakaa na hasira yangu mpaka chai ikapoa. Sijui nimwonee hasira nani: yeye, au waliomfikisha mahali ambapo aibu ndicho kitu pekee alichobaki nacho cha kwake.

Alhamisi, Julai 11

Walikuja wawili, mwanamume mwenye tai, na mwanamke mwenye faili, Mme Ntsie. Asubuhi tulipewa mayai. Mayai! Ntate Seabata, yule baba wa chumba cha saba, aliyekuwa dereva wa treni na sasa hasikii sikio moja, aliuliza kwa sauti ya kuita behewa la mwisho, "Nani kafa?"

Walifika chumbani kwetu saa nne na nusu, Mme Disebo katikati yao.

"Bibi zetu, mnahudumiwa vizuri?" akauliza yule mwanamume.

"Hapana," nikasema.

Nikawaeleza. Nikawaambia kuhusu saa saba bila kugeuzwa, kengele iliyofufuka Jumatatu, wahudumu watatu wa kukodi. Nilisema polepole, kwa mpangilio, kama nilivyozoea kutoa ripoti ya wodi. Mwanamke aliandika. Mme Disebo hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akanitazama kwa upole mkubwa na kuwaambia wageni, kama mtu anayefunga dirisha mgonjwa asipigwe upepo, "Sista Rantsane alikuwa mwenzetu, tena hodari. Nyonga imevunjika, yuko kwenye dawa kali za maumivu. Tunamwelewa."

Mwanamke aliacha kuandika. Niliiona kalamu ikiacha.

Mwanamume akachukua karatasi ya miguuni. "Lakini hapa anageuzwa kila saa mbili. Kumbukumbu zenu ni safi sana, Mme." Akapapasa lile blanketi. "Na blanketi zuri."

"Inua," nikasema. Lilinitoka.

Akanitazama, akamtazama Malefu. Malefu naye alikuwa ananitazama mimi, kwa lile jicho la upande wake mzima, na jicho hilo lilinikumbusha ahadi.

"Niko sawa, mwanangu," akamwambia yule mwanamume.

Wakaenda chumba cha tano.

Naandika hili sasa kwa sababu nisipoliandika nitakuwa kama Mme Disebo. Hasira niliyokuwa nayo kwa mtu yule mwenye tai haikuwa hasira kwa mtu nisiyemjua. Mimi nilikuwa yeye. Miaka tisa nilipeleka barua wiki mbili kabla. Nilinusa rangi mbichi nikaandika "mazingira safi". Kuna wodi moja ya wazee, sitaitaja, ambako nilisifu mapazia. Nakumbuka mapazia yale yalikuwa ya bluu na maua meupe. Wagonjwa wa wodi ile siwakumbuki hata mmoja.

Ijumaa, Julai 12

Lori limerudi. Wamekusanya mablanketi kitanda kwa kitanda, pamoja na hita. Lilikuja kabla ya uji. Walipofika kwa Ntate Seabata alijiviringisha lake mpaka shingoni.

"Mkilitaka, nibebeni na mimi ndani yake!"

"Ntate, ni la kuazima."

"Na mimi ni wa kuazima. Nina miaka themanini na minne!"

Walimwachia. Nyumba nzima ina blanketi moja jipya, na ndani yake yumo dereva wa treni.

Ijumaa, Julai 19

Matokeo yamebandikwa ukumbini, ndani ya fremu. Themanini na nane kwa mia.

Jumatatu, Julai 22

Malefu: saa mbili, saa kumi. Hakula.

Alhamisi, Julai 25

Mwili wake una moto. Mme Disebo amemletea vidonge vya homa. "Daktari Jumatatu," amesema. Nikamwambia Jumatatu ni mbali. Akasema, bila ile sauti ya chini, "Hospitali wakimwona hivi wataniuliza maswali, Sista. Unafikiri maswali yatamsaidia nani?"

Angalau leo amesema kweli.

Ijumaa, Julai 26

Asubuhi Malefu hakunijua. Mkono wake mzima ulikuwa ukipakua chakula hewani. "Pangeni mstari," alikuwa akisema, "kipo cha kutosha, pangeni mstari." Mapigo ya moyo mia moja thelathini. Pumzi fupi. Sumu ya kidonda imeingia kwenye damu. Nimeona wengi wakiondoka kwa njia hiyo na safari yake si ndefu.

Nikapiga simu ya gari la wagonjwa kwa simu yangu. Wakasema nusu saa. Nikavaa koti juu ya gauni, nikachukua fremu, kwa sababu nilijua mlinzi wa getini anafungua kwa amri ya ofisi tu. Kutoka mlangoni mpaka getini, mtu mwenye miguu mizima hutembea dakika mbili. Mimi nilitumia ishirini. Ardhi ilikuwa bado imeganda, miguu ya fremu ikiteleza, na kila nilipoweka uzito nyonga ilinikata kama msumeno. Sijawahi kutukana vile tangu nizaliwe. Niliitukana barua ya wiki mbili. Niliyatukana mapazia.

Gari lilikuwa limeshafika, linapiga honi. Mlinzi alikuwa amesimama tu, funguo kiunoni.

"Fungua."

"Mme Disebo amesema kuna makosa, hakuna mgonjwa."

"Mgonjwa yupo chumba namba nne. Akifia humu nitakuwa shahidi kwamba funguo zilikuwa kiunoni kwako."

Alibabaika. Hapo nikasikia mbio nyuma yangu. Ni Keneuoe, aproni bado imelowa, amewaacha watu wake ishirini na sita. Hakubishana naye. Alinyoosha mkono, akasema, "Nipe, kaka yangu. Mimi nitasema nilikunyang'anya." Na mlinzi, Mungu amsamehe, alimpa.

Walipomweka Malefu kwenye machela Keneuoe aliwaambia kila kitu, kidonda kilianza lini, kimekaa vipi, na kwamba hakugeuzwa. Mme Disebo alikuwa mlangoni, amefunga mikono kifuani. Keneuoe alimwona, na hakupunguza sauti.

Kabla ya kuingizwa garini Malefu alizinduka kidogo. Akanishika kola ya koti.

"Tselane."

"Nipo."

"Waonyeshe. Waonyeshe wote. Mwenye tai, na asiye na tai."

Jumatatu, Julai 29

Yuko hai. Wamemkata nyama iliyooza. Nesi wa huko aliniambia kwenye simu kwamba kidonda kilifika kwenye mfupa. Wamekipiga picha, mwenyewe ameridhia. "Amesema tupige na uso," nesi akaniambia, "asije mtu akasema si yeye."

Nimeandika malalamiko kwa idara, kurasa tisa. Nimenakili kutoka humu saa zote za wiki tano, siku kwa siku. Nikamwita Keneuoe nikamsomea, hata ukurasa unaosema kwamba na yeye alitia saini.

"Utaweka jina langu?"

"Bila shahidi watasema tena ni dawa za maumivu."

"Nina watoto watatu, Nkgono."

"Najua."

Alikaa pembeni ya kitanda kitupu cha Malefu, akalainisha shuka lisilo na mtu. Kisha akasema, "Andika. Andika na jina la baba, wasije wakakosea."

Jumamosi, Agosti 10

Upepo. Vumbi mpaka kwenye meno. Hakuna jibu.

Jumatano, Agosti 14

Wamekuja bila barua! Saa moja na nusu asubuhi, watu wanne, wakiongozwa na mwanamke mfupi mwenye viatu vya kupandia mlima. Alikataa chai. Alipita kitanda kwa kitanda, akiomba ruhusa kwa jina la mtu, kisha akiinua. Wamekuta vidonda vingine vinne. Vinne! Kimoja ni cha Ntate Seabata, kisiginoni, chini ya blanketi lake maarufu. Na mimi nilicheka naye kila siku nisimwulize miguu yake inaendeleaje.

Jumatano, Agosti 21

Uamuzi umefika. Nautia hapa kama ulivyosomwa na kaimu meneja, Ntate Hlalele, kijana aliyevaa koti kubwa kuliko yeye.

Moja: Mme Disebo Lephoto amehamishiwa nyumba nyingine ya wazee, kaskazini, kwa majukumu kama hayo.

Mbili: mhudumu Keneuoe ameachishwa kazi kuanzia leo, kwa kukiri kutia saini huduma ambazo hazikutolewa.

Nilimwomba asome tena. Akasoma tena. Keneuoe alikuwa amesimama pale mlangoni na ndoo. Aliiweka chini taratibu ili maji yasimwagike, akafungua kamba za aproni.

Mimi ndiye niliyemwambia akiri. Nilikaa na kalamu yangu nzuri nikamwandikia kukiri kwake, kwa hati ya kusomeka, na jina la baba. Aliyepanga uongo amepewa wazee wengine. Aliyesema kweli amepewa barabara. Nilimfuata ukumbini nikamwambia nisamehe. Akasema, "Siku ya geti nilishajua, Nkgono. Ila sikujua itakuwa siku ya kufua mashuka. Nani atayatoa kwenye maji?"

Sijui kama niliwahi kuwa na hasira kabla ya leo. Zile nyingine zilikuwa mafua.

Alhamisi, Agosti 22

Hatuli.

Ni wazo la Ntate Seabata. Asubuhi, uji ulipoletwa, alipindua bakuli lake mezani, akatutazama mmoja mmoja. "Mimi nimeshiriki migomo mitatu ya reli. Treni isipotembea ndipo mkubwa hutoka ofisini. Sisi hatuna treni. Tuna matumbo."

Watu kumi na tisa walisukuma mabakuli. Wenye kisukari na wanaolishwa kwa mkono niliwakataza kugoma, na nikasimama juu yao mpaka wakamaliza.

"Chai ni chakula?" akauliza bibi mmoja wa meza ya pili.

"Chai ni maji," akahukumu Ntate Seabata.

"Na sukari?"

"Sukari... weka kidogo."

Ntate Hlalele alikuja mbio. "Wazee wangu, mnataka nini?"

"Arudi," wakasema. Hawakuwa na haja ya kutaja nani.

Jumamosi, Agosti 24

Siku ya tatu. Magoti yananitetemeka. Watoto wa wazee wameanza kupiga simu. Pitso amenifokea, kisha akaipigia idara akawafokea wao zaidi. Mchungaji amekuja kutuombea tupate busara. Ntate Seabata amemwambia amwombee meneja apate namba ya simu ya Keneuoe.

Saa nane mchana wamemrudisha Malefu. Amekonda, amebaki macho na mdomo. Wakamletea supu ya nyama, akaitazama.

"Mbona wewe huli?"

Nikamweleza. Akafumba mdomo.

"Malefu, hapana. Wewe kula. Nyama ya kidonda haijijengi kwa hewa."

"Mnapigania kidonda cha nani?"

"Nakuomba. Nakuomba kama nesi."

"Nilikwambia siku ya kwanza sitaki nesi."

Nikalia. Nilikaa kwenye kitanda changu, mzee wa miaka sabini na mmoja, nikalia mbele ya bakuli la supu. Alinitazama, kisha akasema, "Basi leta. Nakula, lakini andika kwamba nimekula kwa kulazimishwa." Nimeandika.

Jumatatu, Agosti 26

Mwanamke wa viatu vya mlima amerudi, na mtu wa chama cha wafanyakazi. Walikaa na Ntate Hlalele saa tatu, mlango umefungwa. Keneuoe atarudi kazini Jumatatu ijayo, na barua ya onyo kwenye faili lake. Mme Disebo bado yuko kaskazini. Niliuliza wazee wa kaskazini wataarifiwa na nani. Wakasema hilo ni suala jingine. Nimeomba anwani ya nyumba hiyo, nami nitawaandikia wazee wenyewe kwa majina yao, nikiyapata.

Tumekula mkate na moroho, mboga za majani. Ntate Seabata ametapika kwa pupa.

Jumatatu, Septemba 2

Amerudi. Hakuna aliyepiga makofi. Alianza na mashuka.

Alhamisi, Septemba 5

Mipichi nyuma ya jiko imechanua. Pitso anakuja Jumamosi. Nyonga inanibeba sasa kwa fimbo moja. Nitakuwa nakuja hapa kila Jumanne, na siku nyingine ambazo sitaziandika hapa wala kumwambia mtu.

Wahudumu bado ni wawili. Majina matatu yamefutwa kwenye orodha, lakini jina lililofutwa halibebi ndoo. Leo Keneuoe alimgeuza Malefu saa mbili, akatia saini. Saa nne, akatia saini. Saa sita mzee wa chumba cha tisa alianguka bafuni, na Malefu akabaki kama alivyo mpaka saa saba na nusu. Keneuoe alipokuja, alimgeuza, akamtazama kidonda, akachukua karatasi. Kwenye mstari wa saa sita akaandika, herufi kubwa ili kila mtu azione: HAKUGEUZWA. TUKO WAWILI.

Ntate Hlalele alipopita alisimama akasoma. "Dada Keneuoe, hii... hii itatuletea matatizo."

"Ndiyo, Ntate," akasema Keneuoe, huku anamfunika Malefu mgongo. "Na ya saa sita ya kesho italeta mengine."

Akaning'iniza karatasi miguuni pa kitanda, upande ulioandikwa ukitazama mlango.